Kode ya Papa

Papa yangu alikuwa mukatekista kule Nyabiondo miaka mingi, na kode ya siri ya pesa yake ya telefone aliitaja kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya misa. Alifika kwenye kabine ya pesa, kile kibanda cha kutuma na kutoa pesa ya telefone, akamupa mama wa kabine telefone, akasimama wima, akataja tarakimu nne moja moja, na watu wa mustari wote wakasikia. Ilikuwa mwaka wa ndoa yake. Kijiji kizima kiliijua. Macho yake yalikuwa na ukungu, vitufe hakuviona, na kwake kumupa mutu telefone ilikuwa sawa na kumupa barua amusomee. Wazee wengi wa kwetu walifanya hivyo.

Wakati ule wa vita mimi nilikuwa nabeba maharagi ya Masisi mpaka pori la Walikale, nawauzia wachimbaji wa madini wa Bisie. Nyumbani nilirudi mara moja kwa mwezi. Pesa niliyopata niliituma mu telefone ya Papa, kwani ya mukononi watu wa bunduki walikuwa wanainyang'anya njiani. Njo sababu siku nilipomukuta kwenye kabine anaitangaza kode, damu ilinipanda.

Mimi nikikasirika sijui kusema polepole. Nilimunyang'anya telefone mbele ya watu, nikamugombeza kama mutoto wa shule, nikamuuliza kama anafikiri hii ni litania. Watu wakacheka. Papa akainamisha kichwa. Mama wa kabine, mufanyabiashara wa kutoka Butembo, akaniambia: "Dada, ni miaka tatu namufinyia huyu Papa vitufe. Hakuna hata franka moja yake ilipotea." Nikamujibu kwamba wezi wote huanza na upole. Akaita mutu aliyefuata. Kwa neno lile sijawahi kumuomba musamaha.

Siku hiyohiyo nilibadilisha kode. Nikamufundisha Papa ile mupya mpaka akaishika, halafu nikamuapisha. "Hii ni ya mimi na wewe tu. Usiambie mutu. Hata muganga wa hospitali, hata padiri, hata malaika akishuka na Biblia mukononi." Mama alicheka kule jikoni, akasema nimuachie mume wake, hajakuwa mufungwa wangu. Papa hakucheka. Aliinua mukono kama mutu wa nadhiri, akasema, "Nimesikia, mama." Aliniita hivyo tangu utoto, kwa sababu nina jina la mama yake. Tukapatana kwamba mimi peke yangu nitafinya, kila nikirudi.

Mwezi uliofuata nilikuwa ndani ya pori, pahali rezo ya telefone haifiki, na tumbo la Mama likafunga. Wakamupeleka kwa pikipiki mpaka hospitali. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mwanamuke wa Buleusa, mukimbizi, aliyelala na Mama kitanda kimoja, mumoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Hao njo walikuwa na bahati. Wengine walilala chini ya vitanda na kwenye mulango, kwa sababu mapigano yalikuwa yamesukuma vijiji vyote upande ule. Daktari alikuwa mumoja, na waliopigwa risasi walitangulia kutibiwa. Alimuona Mama kwa haraka, akasema apasuliwe Goma, leo, bila kungoja. Kulikuwa na gari ya jipe inaondoka saa sita. Kila familia ichangie mafuta.

"Pesa iko," Papa akasema. "Iko humu mu telefone."

Infirmiye, muuguzi wa zamu, akafurahi, akamuambia kabine iko karibu na geti, amuambie tu kode, yeye atamufinyia. Papa akaishika telefone kifuani. Halafu akasema, "Siwezi. Mutoto wangu alikataza. Mumupigie yeye."

Wakanipigia. Wakanipigia tena. Mwanamuke wa Buleusa alimubembeleza Papa, akamuonyesha Mama, ambaye hakuweza tena kusema. Papa alikuwa analia, lakini alitikisa kichwa. Infirmiye alikuwa anaitwa kila upande, hakuwa na wakati wa kumubembeleza muzee. Jipe ikaondoka na wagonjwa wengine.

Ilipoondoka, Papa alikaa chini, akaleta telefone karibu na macho mpaka ikagusa pua, akajaribu kufinya mwenyewe. Akakosea. Akakosea tena. Mara ya tatu telefone ikajifunga. Kesho yake barabara ya Goma nayo ikafungwa na vita, na kesho kutwa Mama akafa.

Nilifika wamekwisha kumuzika. Papa alikuwa mbele ya nyumba. Aliposikia sauti yangu alisimama, akatoa telefone kwenye mufuko wa shati, imefungwa vizuri kwa kitambaa cha Mama, akanipa kwa mikono miwili.

"Sikuambia mutu, mama," akasema. "Hata muganga."

Alikuwa anangoja nimujibu. Nikamuambia alifanya vizuri. Kumugombeza nilimugombeza mbele ya watu, lakini kumuambia kwamba kosa ni langu, mimi na mudomo wangu wote huu, nilishindwa, na nimeshindwa mpaka leo.

Baadaye telefone ilifunguliwa. Nikarudisha kode ya zamani, ule mwaka wa ndoa yao, nikamupeleka Papa mwenyewe kwenye kabine. Nikamuambia aitangaze kama alivyozoea, hata kwa sauti ya misa. Mama wa kabine alipokea telefone, kama vile sikuwahi kumuita mwizi, akangoja. Watu wa mustari wakangoja.

 Papa akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa.