Pacha Ambaye Hakuonekana Matangani

Jumamosi mchana tulikuwa kwenye kibanda cha video Busia, upande wa Uganda, tukitazama sehemu ya tatu ya filamu ya mbuzi wanaokula watu. Pembe zao ni za karatasi, zimefungwa kwa uzi unaoonekana, na damu ni juisi. Tulicheka mpaka benchi likatikisika. Hiyo ndiyo raha yake, wala sidai zaidi.

Ghafla akatokea mchinjaji aliyeliwa sehemu ya pili, mzima, anatabasamu. Mama mmoja muuza dagaa akasimama mbele ya skrini.

"Simamisha! Huyu mtu si mbuzi ilimkula na kichwa yote?"

Mtafsiri, anayetusimulia filamu kwa maikrofoni, akasema, "Mama, huyu ni pacha yake."

"Pacha gani? Kwa matanga yake tuliona ndugu wote wanasimamishwa kutambulishwa. Yeye alikuwa wapi?"

Mtafsiri akajikuna shingo. Mama akabeba beseni lake, akatoka.

Hasira yake ninayo mpaka leo. Uzi kwenye pembe nausamehe, maana waliotengeneza filamu hawana pesa. Lakini kukumbuka nani amekufa kunahitaji pesa gani? Wanatuona wajinga, sisi ambao tukimkosa ndugu mmoja matangani tunauliza mwaka mzima!

Jumamosi iliyofuata ililetwa sehemu ya nne. Mama alikuwa benchi la mbele, beseni mapajani.

"Si ulikasirika, mama?" nikamuuliza kutoka benchi la nyuma yake.

"Bado nimekasirika," akajibu bila kugeuka. "Leo huyo pacha lazima aende kwa kaburi ya ndugu yake, na mimi nataka kumuona."