Ufunguo wa Kabati la Dawa ya Kifafa

Kwa miaka sita Bernadeta Luhende alichuna ngozi za sangara katika kiwanda kimoja cha minofu huko Nyakato. Kazi hiyo aliiacha wiki ambayo binti yake Hellen, mwenye miaka minne, alishikwa na kifafa kilichogoma kukoma. Katika hospitali ya mjini, muuguzi alichukua bomba lisilo na sindano, akampitishia mtoto dawa njia ya haja kubwa, na mwili ukatulia. Daktari akamwambia mama: "Kikizidi dakika tano, apate dawa hii. Akicheleweshwa, ubongo unaweza kuumia."

Dakika tano! Kutoka kwake Igoma ndani hadi hospitali hiyo, pikipiki ilitumia arobaini.

Dawa yenyewe ilikuwapo katika zahanati ya mtaani, ndani ya kabati lenye kufuli. Bernadeta alimwendea tabibu, Nestory.

"Daktari, nipe dozi moja nikae nayo nyumbani. Kuitumia nimeonyeshwa."

"Mama Hellen, hiyo ni dawa ya kudhibitiwa. Hutolewa mgonjwa akiwa mbele yangu."

"Na akianguka Jumapili, nimweke mbele ya nani?"

Nestory alicheka kwa aibu, akaita mgonjwa mwingine.

Basi Bernadeta akahama. Alipanga chumba kinachotazama geti la zahanati, maana Nestory aliishi uani humo na angeweza kuamshwa hata usiku, akawa anauza vitumbua mlangoni, na hata sokoni hakuthubutu kwenda. Mwenye nyumba, bibi aitwaye Bimdogo, alimtania: "Wenzako wanahamia karibu na soko, wewe umehamia karibu na dripu!"

"Cheka tu, bibi. Hapa angalau napata usingizi."

Mimi ninayesimulia haya sibezi sheria. Dawa ya namna hiyo ikizagaa hudhuru watu, hilo nalijua. Lakini sheria inayomkinga mtoto na dawa, kisha ikamwachia ugonjwa, haijamkinga. Imemfungia mama yake ndani ya chumba kimoja. Mzazi aliyefundishwa, dozi yenye jina la mtoto, saini mbili daftarini: kipi hapo kinachoshindikana?

Ijumaa moja, saa tisa na nusu alasiri, Nestory alifunga kabati, akafunga na mlango. Msiba ulikuwa umemwita Magu hadi Jumatatu.

"Ufunguo unabaki kwa nani?" Bernadeta aliuliza.

"Nasafiri nao. Hauachwi kwa mtu."

Bernadeta akarudi chumbani. Alimfunga Hellen mgongoni, akachukua kanga mbili na chupa ya uji, akapanda pikipiki hadi hospitali ya mjini. Aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha dharura. Mlinzi akamsogelea.

"Mama, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Ni huyu."

"Mbona anacheka?"

"Bado hajaanguka. Tunasubiri."

"Benchi hili ni la wagonjwa, mama."

Bernadeta aliinuka, akatandika kanga sakafuni kando ya ukuta, mahali ambapo mlango ulionekana vizuri.