Nyuzi 2,520, na Haupungui Hata Mmoja

Saa moja asubuhi, kibarazani kwake Palembang, Nyimas Zaleha ameketi sakafuni, mtande umefungwa kiunoni. Ananyanyua nyuzi, anapitisha uzi wa dhahabu, anaugonga kwa ubao wake mzito. Ta! Majirani wanajua ameshaamka.

Ukimwona alivyo mwembamba, utadhani ni mtu wa kuambiwa akaitikia. Thubutu! Mwezi uliopita aliondoka karakana ya Kemas Burhan, alikofuma tangu usichana, na kisa ni namba.

Mtaani kwao, shali ya bibi harusi hupambwa maua kwa idadi ya watoto waliozaliwa kwao, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Wakiwa watano, maua matano; wakiwa tisa, maua tisa. Kila ua hupata nyuzi sawa na wenzake, ndiyo maana mtande huwa na nyuzi 2,520. Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa moja hadi kumi bila baki. Kila familia inaenea.

Kisha hariri ikapanda bei, Kemas akaamuru nyuzi 2,400.

“Saba na tisa tu ndizo zinazogoma,” anajitetea Kemas. “Siku hizi nani anazaa saba?”

Oda iliyofuata ilikuwa ya bibi harusi aitwaye Huzaimah, na mama yake alizaa saba. Maua saba kwenye nyuzi 2,400 hubakisha nyuzi sita. Kemas akakuna kichwa, akapata dawa. Rusdi, kaka wa bibi harusi, alizama mtoni mwaka juzi.

“Dada Leha, weka sita,” alisema. “Mia nne mia nne, kamili. Na walio hai ni sita. Nani atahesabu?”

“Mama yake atahesabu! Nenda kamwambie mwenyewe, Kaka Burhan, kwamba mwanawe hagawanyiki.”

“Usinipandie kichwani. Karakana ni yangu.”

“Na kiuno ni changu!”

Akaufungua mtande wa watu, akabeba ubao wake, akatoka. Wafumaji wenzake waliinamisha vichwa, wengine wakificha kicheko.

Sasa nyumba inalishwa na pempek za samaki anazokaanga na kuuza mumewe, na zikibaki ndizo chakula cha usiku. “Njaa naijua, hainitishi,” anasema Zaleha. “Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira. Mtu anafutwa kwa sababu uzi ni ghali?”

Oda ya Huzaimah imemfuata hapa nyumbani, na hariri ya shali ameinunua mama yake Huzaimah. Harusi ni baada ya Idi. Baada ya hapo Zaleha anataka mitande mitatu hapa kibarazani, yote ya 2,520. Wafumaji wawili wa Kemas wameshakuja kuuliza, wakipitia uani.

Maua yote saba hukua pamoja, mstari kwa mstari. Jana mama yake Huzaimah alikuja, akakaa, akayahesabu kwa kidole mpaka akafika la tatu.

“Huyu ndiye Rusdi wangu?”

“Ndiye, mama,” Zaleha akamjibu. “Nyuzi mia tatu na sitini, sawa na wenzake.”