Pale Maji Yasipofika

Atakayesema nimeota, aje mtaani kwetu Jadida amtazame mjukuu wangu mkono wa kushoto. Asimuulize kitu. Amwambie tu autie kwenye maji, kisha arudi kwao akasimulie yeye.

Mimi skuli nimeishia darasa la tatu, na kuandika kwangu ni kwa kukokota. Lakini jina la mtu halinipotei. Nimeosha maiti wa kike hapa Wete na vijijini kwake tangu nywele zangu nyeusi, na wote ninawajua, kila mmoja jina lake, la baba yake na la babu yake. Maiti hamuoshi tu kama unavyoosha chombo. Unanuia, na mimi nilifundishwa na mama kuwa unaponuia umtaje kwa jina.

Basi Salma, binti wa mwanangu Khatib, aliposwa. Mahari yalipokuja akasema dhahabu yake haitanunuliwa Wete wala Chake. Anataka Dar es Salaam, Kariakoo, kule ambako maduka ya masonara yamepangana mlango kwa mlango. Na lazima twende sote wawili.

"Bibi, umri wote huo hujaona hata ngazi ya umeme. Utakufa na ushamba wako?"

"Nikifa nao wataniosha, utatoka," nikamjibu.

Tukacheka. Astaghfirullah, tulicheka sana.

Tukapanda boti mpaka Unguja, na Unguja tukapanda nyingine mpaka Dar. Tukafikia Magomeni kwa Zuhura, mtoto wa marehemu dada yangu. Siku ya mwanzo Zuhura akatutembeza. Nimeyaona maghorofa ya Posta mpaka shingo ikaniuma. Nimepitishwa juu ya daraja la Kigamboni, gari zinakwenda na kurudi kama hazina kwao. Na hiyo ngazi ya umeme nikapelekwa, iko ndani ya duka kubwa, inapanda yenyewe. Nikasimama chini nimeshika buibui langu kwa mikono miwili.

"Tia mguu, Bibi, haing'ati."

"Umeiuliza?"

Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Zuhura alikuwa kaegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko. Mwisho nikapiga bismillahi nikapanda, na kusema kweli nikataka kurudia. Hayo nayataja mujue kuwa nilikuwa mzima, sina homa, sina hofu, nimefurahi kama mtoto siku ya Idi.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tukaenda Kariakoo. Jua kali, watu tele, nani angefikiri? Tukaingia maduka matatu, Salma hapendi kitu. La nne lilikuwa dogo, limejibana kwenye kichochoro, lina benchi moja na meza ya kioo. Sonara mwenyewe mtu wa makamo, mpole, anaitwa Nasibu. Zuhura akabaki mlangoni na simu yake. Sisi tukakaa kwenye benchi, Salma kati, mimi upande wa mlango. Upande wa ukutani alikuwepo mwanamke keshakaa kabla yetu, kavaa buibui, ushungi kaushusha mpaka kwenye nyusi.

Akatusalimia. "Asalamu alaykum. Mmetoka Pemba nyie."

"Waalaykumu salamu. Umejuaje?"

"Wewe nimekujua mikono."

Nikadhani anasema kwa hina, maana sisi wazee hina haitutoki. Nikatabasamu. Pakanukia kafuri, ile tunayowatia maiti. Nayo sikuishughulikia, kwani kafuri mimi naichukua mwilini siku zote, nguo zangu zinanukia hiyo. Mnaona mtu anavyojipumbaza?

Nasibu akatoa bangili, moja baada ya moja, na kibakuli cha maji ya sabuni. Ndivyo masonara wanavyofanya: mkono unapakwa sabuni, vidole vinabanwa, bangili inasukumwa. Salma mkono wake mnene kama wa mama yake. Ya kwanza ikakwama, ya pili ikakwama.

Yule mwanamke akasema, "Mwanangu, jaribu hii yangu, upate kipimo."

Akaivua. Bangili ya fedha, ya kizamani, nene, imesuguka. Akamshika Salma mkono wa kushoto na kumvisha bila sabuni wala nini. Ikaingia kama inaingia kwao.

"Inanikaa, Bibi! Ila ina baridi."

Hapo ndipo nilipoinama kuitazama bangili, na nilipoinama nikauona mkono wa yule mwanamke. Niaminini. Vidole vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyelowekwa majini kutwa. Lakini juu ya kifundo, pale ilipotoka bangili, palikuwa na mstari mpana wa vidole viwili, mkavu, una vumbi jekundu. Akauweka ule mkono juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayemwonyesha daktari.

"Hapa hapakufika maji, bi mkubwa," akasema.

Jina likanijia lote. Mize binti Faki wa Shaame, mzaliwa wa Msuka, aliyeolewa kwetu Jadida. Nilimuosha mimi, mwaka wa tatu huo.

Lazima niwaeleze, ingawa muoshaji hatakiwi kusema aliyoyaona. Bi Mize alikuwa na bangili ya fedha aliyovishwa siku ya harusi yake, na mwili ulipojaa ikazama kwenye nyama. Tulipomlaza kumuosha haikutoka. Kaka yake, Hamadi, akasema nje ya pazia, "Iacheni, msimuumize." Vyema, hilo halina neno. Lakini bangili ikibaki huna budi kuizungusha, uinyanyue, maji yapite chini yake. Nami nilijua. Nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu huu. Siku ile wanaume wameshafika na jeneza, alasiri inaingia, mtu anagonga ukuta, "Nyie humo ndani bado tu?" Nikaijaribu mara moja, haikuzunguka. Nikasema moyoni, Mungu ni mwenye kusamehe. Nikamwaga maji juu, nikapita. Hakuna aliyeona. Sikumwambia mtu.

Sasa kakaa pembeni mwa mjukuu wangu.

Salma akasema, "Bibi, inanibana." Nikatazama, vidole vyake vimeanza kuvimba. Nasibu akaushika mkono, akashangaa.

"Hii fedha imetoka wapi? Haikuwa mkononi ulipoingia."

"Ni ya mama huyu hapa," Salma akasema.

"Mama yupi?"

Salma akageuka. Benchi upande wa ukutani lilikuwa tupu. Mimi lakini nilimwona. Alikuwa kasimama nyuma ya Salma, kainama, kama ninavyoinama mimi ninapofanya kazi yangu.

Nasibu akaleta sabuni, ikawa kama hakuna. Akaleta msumeno wake mwembamba wa kukatia pete, ukakatika. Akatia mwingine, nao ukakatika. Vidole vya Salma vilikuwa vimeshageuka rangi ya zambarau. Zuhura kaingia anapiga kelele, "Tumpeleke hospitali, Mamdogo, tumpeleke hospitali!" Salma analia, "Bibi, mkono umekufa, siusikii!"

Na mimi nilijua kinachotakiwa. Kilichotakiwa ni ule mkono uoshwe, kwa utaratibu wake, nilivyopaswa kuuosha siku ile. Lakini ulikuwa mkono wa nani sasa? Nitaanzaje kumuosha mtoto aliye hai, bibi harusi, kama anavyooshwa maiti? Na nikinuia, nimnuie nani? Kwani mkono niliokuwa nimeushika ni wa Salma.

Nikamwambia Nasibu amwage ile sabuni, alete maji safi. Akaleta. Nikamshika Salma mkono, nikafumba macho. Sijapata kuogopa vile, si siku mume wangu aliponifia mikononi, si siku nyingine yoyote.

Basi nikasikia sikioni mwangu, pole pole, pumzi ina baridi:

"Sema Salma."

Nikazidi kuukaza mkono wa Salma.

"Jina la mwenye mkono. Si ndiyo taratibu yako? Sema Salma binti Khatib."

Na ulimi wangu, wallahi, ulishaliinua lile jina. Ndilo lililokuwa karibu, ndilo nililokuwa nikiliita tangu asubuhi. Herufi ya mwanzo ilishafika kwenye meno. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu, kwani anayenuiwa ndiye maiti. Kisha nikasema kwa sauti, dukani, mbele ya watu:

"Nanuia kumuosha Mize binti Faki wa Shaame, mkono wake wa kushoto, pale maji yasipofika. Kosa ni langu, si la mtoto huyu."

Nikamwaga mara ya kwanza. Mara ya pili nikaipindua bangili kwa kucha zangu, na kucha moja ikang'oka, lakini ikazunguka. Mara ya tatu maji yakapita chini yake. Niliyasikia yakipita. Bangili ikalegea, ikateleza, ikaangukia kibakulini.

Nasibu akachungulia. Kibakuli kilikuwa na udongo mwekundu, tope, hakuna bangili. Akakichukua kama kilivyo, akakitupa nje kwenye mtaro, akarudi akaanza kufunga milango ya kabati zake. "Mama, nendeni," akasema. "Nakuombeni, nendeni." Sikumlaumu.

Dhahabu hatukununua siku ile. Tulirudi Pemba boti ya kesho yake, Salma kanilalia mapajani kama alipokuwa mdogo.

Vidole vilipona. Mzima, anafua, anapika. Lakini juu ya kifundo chake pamebaki mstari, vidole viwili, na maji hayapakai pale. Ukimwagia yanajikusanya matone, yanakimbia, kama juu ya jani la gimbi. Siku ya kupakwa hina somo yake, kungwi aliyemfunda, alipaka mikono yote, na asubuhi hina ikawa imekolea kila mahali isipokuwa pale. Somo akasema hina mbovu.

Nikaenda kwa Shehe Ali wa msikitini kwetu, nikamweleza yote. Akasema wafu hawarudi, yule ni shetani kavaa sura ya Bi Mize, na kosa langu nitubie. Kuhusu udhu wa Salma akasema apasugue kwa bidii, apabanie maji kwa kiganja, Mungu anajua kajitahidi. Mimi na shehe sibishani. Lakini shetani angejuaje pale ambapo sikupitisha maji, wakati sikumwambia mtu? Tulikwenda Msuka kumsomea Bi Mize khitma, na Hamadi alinisamehe huku analia.

Kazi nimeiacha. Wananiita bado, nasema mgongo unauma. Usiku nawahesabu kwa majina. Bi Time Juma, alikuwa na pete. Bi Raya Said, vipuli viwili kila sikio. Bi Kijakazi Omar, kipini puani. Je, nilikizungusha? Nadhani nilikizungusha. Naapa nadhani hivyo.

Nyie mnaokwenda mijini kununua vito, msikubali mgeni akakuvisheni cha mkononi mwake, hata akawa mpole vipi, hata akawa wa kwenu. Na nyie waoshaji wenzangu, wanaume wakigonga ukuta waacheni wagonge. Alasiri itasaliwa. Yule mliyenaye mikononi hana mwengine wa kumsemea.

Lakini si kwa hayo hasa nimeandika. Salma keshaolewa na ana mimba ya pili. Mimi ni mzee, nitatangulia, na nataka iwe hivyo. Siku yake itakapofika, naomba iwe mbali, ataoshwa na mtu nisiyemjua, na atakuwepo mtu nje anayesema bado tu. Basi wewe utakayemuosha, sikiliza. Jina lake Salma binti Khatib. Mkono wa kushoto, juu ya kifundo, vidole viwili. Maji yatakukimbia. Usiyaache yakakimbia. Pabanie kwa kiganja chako, kaa hapo, na usinyanyuke mpaka pamelowa.