Miforosadi ya Kafedha Yachanua Bila Tunda

Saa mbili asubuhi, Kafedha Ngowa anapiga hodi nyumbani kwa Bi Mwanasaumu, Likoni, kisu cha kukatia miche kikiwa mkononi. Anayefungua mlango wa ua ni Rashad, mwana wa mwenye nyumba. Rashad ameshika shoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwanasaumu hamkaribishi mkekani.

Miforosadi aliyouziwa na Kafedha imezunguka ua mzima, imepita ukuta kwa urefu, majani mapana ya kupendeza. Maua yamejaa. Balaa ni kwamba huu ni msimu wa pili yanapukutisha unga wa manjano, kisha yananyauka. Tunda hakuna.

"Nilimwambia huyu nataka forosadi za sharubati ya futari," analalamika Bi Mwanasaumu. "Majirani nimewaahidi. Wallahi, kila Ramadhani waniuliza, sharubati i wapi?"

Kafedha, mwenye umri wa miaka 43, huuza miche kando ya barabara huko Chaani, malori yakiipaka vumbi kutwa. Kazi hiyo ndiyo inayosomesha wanawe wawili. Wateja wake wengi ni wanawake wa Likoni, na yaliyomfikisha kwao ni maneno mazuri ya Bi Mwanasaumu. Miti hii ikikatwa leo, kesho habari zitakuwa zimefika kila jiko.

Kosa lenyewe, masikini, lilitokana na bidii. Alikuwa na miforosadi miwili ya kukatia vipando. Mmoja ulikua mbio na vipando vyake vikishika mizizi upesi, mwingine ulidumaa nyuma ya choo. Muuza miche gani asingeupenda unaokimbia? Akawa anaukata kila unapotoa matawi.

"Sikuuacha uchanue hata mara moja," anasema, macho chini. "Ningeuacha, ningejua ni dume. Nilijiona hodari, kumbe nauza madume! Ule wa nyuma ya choo niliusahau kabisa, ndio ukazaa. Ndege waliokuja kula ndio walionionyesha."

Ndivyo miforosadi ilivyo. Hutofautiana kimo, ukubwa wa majani, hata maua: ya dume hutoa unga tu, ya jike ndiyo huzaa. Mti hodari wa kukua huenda usizae kamwe.

Miezi mitatu iliyopita, Kafedha aliomba apewe mti mmoja wa kujaribia. Aliukata, akapandikiza kikonyo, yaani kijitawi, cha ule uliodumaa juu ya shina lake, akakifunga kwa nailoni. Kikonyo kilishika, na sasa kinachanua. Makubaliano ni kwamba kikitoa unga, miti yote inaangushwa leo.

Kafedha anainamisha tawi. Rashad anasogea.

Anapuliza ua. Unga hautoki. Anafunua majani, anapuliza tena, kisha anaonyesha kijitunda cha kijani, kidogo kama punje ya mchele, kimeota vijinywele vyeupe.

Bi Mwanasaumu anavaa miwani na kukitazama kwa muda mrefu.

"Rashad, rudisha shoka hilo. Nawe mwanangu, njoo ukae mkekani."

Kafedha anacheka huku akijifuta machozi. Anapanga kupandikiza miti yote ya hapa uani kabla ya mvua, na kule Chaani hakati tena kipando cha mti ambao hajauona ukizaa.

"Mimi ni wa kanisa, mama, lakini Ramadhani ijayo naja kufuturu hapa," anasema. "Nisipoona sharubati, shoka nitalishika mimi."