Ndiyo Mia Tano kwa Mkupuo

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Shangazi. Asubuhi moja daktari wa mifupa alimpigia simu: picha za eksirei za wagonjwa wake arobaini hazionekani.

Akiwa mezani kwake, Shangazi aliingia kwa mtandao kwenye kompyuta kuu iliyokuwa katika jengo la pili. Humo mlikuwa na programu aliyoiandika mwenyewe ya kufuta picha za zamani. Ilionyesha jina la mgonjwa, ikauliza, "Una hakika?" kisha ikasubiri mtu aandike ndiyo au hapana. Sasa kumbukumbu zake zilionyesha kwamba mkuu wa kitengo, naye akiingia kwa mtandao, alikuwa ametuma ndiyo mia tano kwa mkupuo kabla ya kuulizwa, zikiwemo za wagonjwa arobaini wanaoendelea kutibiwa; kumbe alikwenda kunywa chai.

Akamfuata ofisini.

"Bosi, ulisoma hata jina moja?"

"Maswali yenyewe hayaishi, Shangazi! Andika tu kwamba mashine iliharibika."

"Mashine iliuliza mara mia tano. Siisingizii."

Bosi alichukua kijiti, akaanza kuchokonoa meno. Shangazi aliona kinyaa hata kukalia kiti cha ofisi ile. Aliandika ripoti kama mambo yalivyokuwa, akampelekea mganga mkuu mkononi.

Picha thelathini na moja zilipatikana kwenye nakala ya akiba. Wagonjwa tisa waliitwa kupigwa picha upya, mmoja wao bibi kizee aliyeletwa kwa machela, akilia kila alipogeuzwa. Shangazi alimshika mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha picha. Bosi hakutokea.