Kibuyu cha Mbegu cha Kaluki

Mwaka ule wa 1984 Kaluki alikuwa amepanda mara mbili kwenye vumbi, na mara zote mvua ikamdanganya. Sasa migunga ya Matiliku ilikuwa imechanua tena, dalili ya mvua, lakini hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Mbegu zilizobaki ni kunde za kibuyu kimoja, zilizopakwa majivu zisiliwe na wadudu; kibuyu chenyewe kilining'inia juu ya moshi wa jikoni.

Siku hiyo zamu ya mwethya, kazi ya kusaidiana mashambani, ilikuwa yake. Wanawake wenzake walikuja kumchimbia matuta ya kuzuia maji, na desturi ni mwenye shamba awalishe. Mahindi ya msaada yalisemekana yako njiani, ila njia yenyewe haikuisha. Akakishusha kibuyu, akazimwaga kunde kwenye ungo.

Jirani yake Mbula akachungulia. "Kaluki, tangu lini chakula kikapakwa majivu? Unatupikia mbegu?"

"Mtachimba na njaa?"

"Njaa ni shemeji yetu, tumemzoea. Rudisha kibuyu juu!"

Wakanywa maji, wakachimba polepole bila kuimba. Jioni Kaluki, aliyechoka hata kushukuru, akainama kwenye tuta jipya, akaanza kuzifukia kunde vumbini.